Mafundi wako ndani ya nyumba: maji, chai na vitafunwa unawapaje

Siku ya kwanza fundi akiingia kwako, kabla hata hajafungua begi la vifaa, muoneshe vitu vitatu: maji ya kunywa yako wapi, atanawa wapi, na choo atumie kipi. Dakika mbili tu zinatosha. Mafundi wengi hawatakuomba maji hata kama koo limekauka, maana wapo kwenye nyumba ya mtu, wana vumbi mpaka kwenye kope, wanaona aibu kugonga mlango wa jikoni, na yule saidia fundi mdogo kuliko wote ndo kabisa hafungui mdomo, anasubiri fundi mkuu aombe na fundi mkuu mwenyewe amezama kwenye kazi hakumbuki.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tuelewane. Maji ni lazima. Chai, soda, vitafunwa, chakula, hivo vyote ni hiari yako, ila ukishaamua kutoa basi iwe kwa wote sawa, usije ukavihesabu kwenye hela yao, na iwe ni kitu unachokiweza mpaka kazi iishe. Hilo la mwisho watu wanalisahau sana. Unakuta mtu siku ya kwanza ana furaha ya nyumba kutengenezwa, anashusha sinia limejaa, siku ya pili bado limejaa, siku ya tano hamna kitu hata chai ya rangi, na mafundi wanaanza kuulizana pembeni kama kuna kazi wameharibu au bosi kakasirika. Bora chai na mkate kila siku wiki tatu kuliko karamu ya siku mbili.

Maji

Hapa hakuna cha hiari nimeshasema. Kuna mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1988, unahusu usalama na afya kwenye ujenzi, kifungu chake cha 32 kinataka kila eneo la ujenzi au karibu yake kuwe na maji safi ya kunywa ya kutosha, af kinaendelea kutaja vyoo, sehemu za kunawa, na mahali pa kulia chakula na kujikinga hali ya hewa ikichafuka. Sasa bafu lako unalobadilisha tailizi labda hulioni kama saiti ya ujenzi, na kama umeweka mkandarasi rasmi basi watu wake ni juu yake yeye kuwahakikishia hayo, lakini wale vibarua wawili watatu uliowaita mwenyewe kwa simu hawana mkandarasi, wa kuwaangalia ni wewe.

Kiasi gani? Wengi wanaweka jagi moja la lita mbili asubuhi wanaona wamemaliza. OSHA, wale wa usalama kazini wa Marekani, wanashauri mtu anayefanya kazi kwenye joto anywe kama robo lita kila baada ya dakika 15 mpaka 20, kidogo kidogo na asisubiri kiu, maana kiu ikifika mwili umeshaanza kupungukiwa. Piga hesabu, mafundi wanne, masaa sita ya joto, unapata lita 18 mpaka 24, yaani ndoo ya lita 20 inakwisha siku hiyo hiyo na inaweza isitoshe. Kuyafakamia kwa mkupuo nako sio kuzuri, hao hao wanasema isizidi kama lita 1.4 kwa saa. Siku ya baridi au kazi ya ndani watakunywa pungufu, sawa, heri yabaki.

Weka ndoo yenye koki na mfuniko, juu ya stuli, mbali na vumbi, na vikombe vimefunikwa pembeni. Koki ni muhimu maana ukiweka ndoo ya kuchota kila mtu anaingiza kikombe na mkono wenye sementi, baada ya saa moja maji yana rangi nyingine. Kama maji ya bomba kwako sio ya kunywa moja kwa moja chemsha, yakishatokota sawasawa kwa dakika moja yanatosha, ukiwa sehemu ya juu sana zaidi ya mita 2,000 acha yatokote dakika tatu. Maji unayokunywa wewe na watoto wako ndo hayo hayo wape na wao, wasiletewe ya bomba la uani wakati nyie ndani mnakunywa ya chupa, wanaona na inauma.

Kuna kitu kinasahaulika kila mara: ratiba ya kazi yenyewe inaweza kukukatia maji. Fundi bomba akifika kitu cha kwanza anafunga koki kuu, fundi umeme anazima meni swichi, na hapo ndo unakumbuka hujajaza ndoo na birika halichemki. Kwa hiyo jana yake usiku muulize fundi, kesho unazima nini na kuanzia saa ngapi, af jaza maji mapema, chemsha chai mapema uitie kwenye chupa ya chai. Acha na ya kunawa pia.

Jagi lako la kunywea likae hapo hapo kwenye ndoo na uwaambie wazi kwamba hilo ni la kunywea tu. Bila hivo utalikuta linapimia maji ya kukorogea lipu, na sio dharau, saidia fundi ameambiwa lete maji haraka amechukua chombo cha karibu. Wape ndoo na kopo la kazi tangu asubuhi hutakuwa na ugomvi na mtu.

Na hili naomba mlishike kwa nguvu zote: chupa tupu ya maji au soda isiwekwe thina, spiriti wala mafuta ya taa. Mafundi rangi wanafanya sana, wanapunguza kidogo kwenye chupa ya maji ili iwe rahisi kubeba, inabaki dirishani, rangi yake ni kama maji kabisa, na kwenye nyumba yenye watu wana kiu na watoto wanaopitapita hiyo ni hatari kubwa. Ukitoa vinywaji vya chupa kusanya chupa zote tupu wewe mwenyewe. Ukikuta thina kwenye chupa ya kinywaji mwambie fundi airudishe kwenye kopo lake saa hiyo hiyo hata kama mnaheshimiana vipi. Na ikitokea mtu amemeza, usimtapishe, mkimbize hospitali na kopo la asili ubebe ili waone ni kitu gani.

Muda wa kuwaita

Sehemu hii wenye nyumba wengi wenye roho nzuri ndo wanaikosea. Umepika chai yako nzuri, imeiva, unatoka unaita "mafundi karibuni chai ya moto!" na mafundi wanatazamana hawasogei, unaona wanaringa. Kumbe wameshakoroga. Mafundi wana usemi wao zege halilali, na sio zege tu, karibu kila kitu kinachokorogwa na maji kina saa yake. Udongo wa sementi na mchanga ukishakorogwa unatakiwa utumike ndani ya masaa mawili na nusu hivi, lipu ya jipsamu yenyewe inaweza kuanza kukaza ndani ya nusu saa, na gundi ya tailizi ikishapakwa ukutani nyingi zinakupa kama dakika 20 mpaka 30 kabla juu hakujaota ngozi, ikiota ngozi tailizi haishiki vizuri, baada ya miezi unagonga unasikia uwazi nyuma. Sasa ukimlazimisha fundi aache ukuta aje anywe chai kabla haijapoa, chai hiyo utailipia kwenye ukuta wako.

Dawa yake ni rahisi, asubuhi muulize fundi mkuu leo mnapumzika saa ngapi. Atakwambia tukimaliza huu ukuta, au saa nne hivi kabla hatujakoroga ya pili. Basi unaandaa kulingana na yeye. Chai itiwe kwenye chupa ya chai, vitafunwa vifunikwe, wao wanakuja wenyewe wakifika mahali pa kuachia. Kazi kama ya kumwaga zege yenyewe haina kusimama, hapo wanapokezana, mmoja anakunywa wengine wanaendelea, kwa hiyo usitegemee wakae wote kwa pamoja kama wageni.

Na namna ya kuita nayo ina utaratibu. Fikiria fundi yupo ngazi ya nne kutoka chini, grainda inazunguka mkononi, ameziba masikio, miwani imejaa vumbi, anakata mfereji wa waya ukutani. Wewe unakuja na trei nyuma yake unamgusa mguu au unapiga kelele "fundi!" Akishtuka akageuka grainda inageuka nae. Usifanye hivo. Simama mbali upande ambao akimaliza atakuona, subiri mashine izime na jiwe lake la kukatia lisimame kabisa, ndo useme. Au mwambie msaidizi aliye chini akuitie, wao wana ishara zao. Trei usiingie nayo sehemu ya kazi kabisa, chini kuna misumari, waya, vipande vya tailizi, na wewe umevaa kandambili. Watoto ndo kabisa, usimtume mtoto apeleke soda kwa mafundi hata kama anafurahia kutumwa.

Nani anapata

Wote. Nimeandika neno moja ila naomba nilifafanue maana ndani yake kuna maumivu mengi. Kwenye kundi la mafundi kuna ngazi zao, yupo fundi mkuu, yupo fundi wa kawaida, yupo saidia fundi anayebeba ndoo na kukoroga. Huyu wa mwisho ndo anatoka jasho kuliko wote na ndo analipwa kidogo kuliko wote na ndo anasahaulika kuliko wote. Ukimpa fundi mkuu soda tano ukamwambia wagawie vijana wako mara nyingi atagawa vizuri, lakini sio kila mara, mwingine anaondoka nazo mbili kwenye begi, na wale vijana hawatakuja kukwambia wewe, watabaki wanakuona bosi mchoyo. Kwa hiyo weka vitu mezani mahali pa wazi, hesabu vichwa kwanza, ongeza kidogo, na useme kwa sauti wote wasikie kwamba hivi ni vya kila mtu. Hesabu na yule aliye darini, na aliyetumwa dukani kufuata misumari, na dereva aliyeleta mchanga kama amekukuta katikati ya chai. Kijana aliyetumwa awekewe chake kikombe chini ya kifuniko kabla wengine hawajaanza. Akirudi na misumari yake akakuta kikombe kinamsubiri utamuona jinsi atakavyokaa, analegeza mabega, anakunywa taratibu, anajua alikumbukwa.

Vikombe vya aina moja kwa wote. Usitoe vile vilivyopasuka masikio ambavyo ndani hamvitumii tena. Kama unaogopa seti yako nzuri itavunjika, hofu hiyo ni ya haki kabisa kwenye nyumba yenye nyundo, nunua vikombe vya plastiki ngumu au vya bati vya kazi hiyo, vipya, safi, vyote sawa. Hakuna atakayelaumu.

Pale pa kukaa

Wasile pale wanapofanyia kazi. Najua wengine wenyewe watakaa chini ya ukuta waliopiga lipu na kuanza kula, wamezoea, lakini vumbi la kukata tailizi, saruji na matofali lina silika, yale madini ya kwenye mchanga, na linaumiza mapafu, na ukikwangua rangi ya nyumba ya zamani unaweza kuwa unapeperusha madini ya risasi, rangi za namna hiyo zilitumika majumbani miaka mingi, Marekani yenyewe ilizipiga marufuku 1978 tu. Vumbi hilo likitua kwenye mkate linaliwa. Kwa hiyo tafuta kibaraza, kivuli cha mti, chumba ambacho hakijaguswa, weka benchi au hata ndoo zilizogeuzwa na ubao juu yake, na meza ya kuwekea sinia.

Pembeni yake weka maji ya kunawa na sabuni. Sabuni kweli, na sio sanitaiza, sanitaiza haiondoi sementi wala vumbi la rangi. Sementi mbichi ina alkali kali, inakula ngozi taratibu mtu hajui mpaka jioni mikono inapasuka, na mtu huyo huyo ndo anamega mkate kwa vidole. Taulo kuukuu safi la kujifutia litapendwa kuliko unavofikiri.

Ukishawaonesha hapo pa kukaa, ondoka. Hili wengi hawaliwazi, wanabaki wamesimama mlangoni wanaangalia watu wakila, au wanaanza "fundi pale kwenye kona naona kama pamepinda". Muache mtu ameze kwanza. Malalamiko yako ya kona yana muda wake, baada ya chai mkiwa mmesimama mbele ya kona yenyewe. Ukipenda kukaa nao kunywa nao kaa, ni jambo zuri sana na mafundi wengi wanalifurahia, ila mazungumzo yawe ya kawaida na ukiona wanachungulia saa inuka.

Maana hapo kwenye saa kuna jambo. Fundi anayelipwa kwa kutwa na fundi aliyechukua kazi nzima kwa mkataba hawalioni pumziko kwa jicho moja. Wa kutwa ukimuweka nusu saa unapiga stori hapotezi kitu, unapoteza wewe. Wa mkataba kila dakika ni yake, anataka amalize aende kwa mwingine, unaweza kumkaribisha akakwambia asante bosi naomba niendelee, na anamaanisha hivo hivo. Usinune. Chai ya dakika 15 mpaka 20 inatosha kwa wote wawili, na ukimpa wa mkataba kitu anachoweza kushika mkono mmoja akaendelea na maisha yake atakushukuru zaidi.

Maneno ya kusema

Ugomvi mwingi wa chakula na mafundi unatokana na watu kukisia. Mwenye nyumba anadhani wanakuja na chakula chao, wao wanadhani kwako kuna chakula, saa saba mchana inafika watu wanne wamekaa kimya wanaangalia mlango. Ama mwenye nyumba anapika siku kumi af siku ya malipo anasema lakini nimewalisha, apunguze. Hapo kaharibu kila kitu. Chakula kama ni sehemu ya malipo kiseme wakati wa kupatana bei, kiandikwe kwenye makubaliano, kwamba mchana nalisha mimi na bei imezingatia hilo. Kama hukusema basi ulichotoa ni ukarimu wako na ukarimu haurudishwi kwenye mahesabu.

Tuma meseji siku moja kabla, mfano hivi:

"Habari za jioni fundi. Kesho karibuni. Maji ya kunywa na chai ya asubuhi nitaweka mimi kila siku, chakula cha mchana mtajitegemea. Mtakuwa wangapi? Kama kuna mwenye kitu asichokula au asichotumia niambie nisije nikakosea."

Inatosha. Haina aibu yoyote na fundi anajua ajipange vipi, abebe chakula au atafute pa kula karibu. Na kama hali yako hairuhusu hata hiyo chai, ukarabati unakausha mfuko kila mtu anajua, andika maji ya kunywa yapo, mengine mtajitegemea, basi. Hakuna fundi mwenye akili atakayekuona mbaya kwa kusema ukweli mapema.

Ukitoa hela ya kula badala ya chakula, itoe mbele ya wote na useme kiasi cha kila mtu, kwa sababu ile ile ya soda za fundi mkuu. Na useme kabisa hii ni ya kula haimo kwenye malipo.

Utoe kitu gani

Vitu vyepesi vinavyoshikika mkononi na visivyomwagika. Mkate, viazi vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, biskuti, matunda ya kumenya kama ndizi na machungwa, hayo yana faida maana ganda linalinda hata mkono usipotakata sana. Sukari iwe pembeni kila mtu atie mwenyewe, huwezi kujua nani ana kisukari na hatapenda kulitangaza mbele ya wenzake. Karanga na vitu vyenye karanga ndani uwaambie vina karanga, kuna watu zikiwagusa koo linafunga. Nyama uliza kwanza.

Chai na kahawa hazichukui nafasi ya maji, ziwepo na maji yawepo. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi mimi sivipendi kwa mtu anayefanya kazi juani, akija navyo mwenyewe ni uamuzi wake, ila wewe usiwe wa kuvinunua.

Pombe hapana. Hata bia moja ya mchana, hata kama fundi ni rafiki yako wa miaka, hata kama ni yeye ameomba. Mtu anapanda ngazi, anashika grainda, anaunga waya za umeme, na wewe ndo umempa. Hata jioni kazi ikiisha kumbuka anaenda kuendesha pikipiki au gari kurudi kwake.

Chakula cha kupikwa kiliwe kikiwa cha moto. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya masaa mawili kwenye joto la kawaida la chumba, na kama kinasubiri kibaki cha moto zaidi ya nyuzi 60. Sinia lililowekwa saa tano likaliwa saa tisa kwa sababu zege halikuisha linaweza kuwalaza mafundi wako wote kesho yake. Ukiona kazi imechelewa rudisha ndani, kipashe moto mpaka kitoe mvuke ndo utoe tena.

Akikataa, akiwa amefunga

Karibisha mara moja, ya pili kwa upole, af acha. Sababu za mtu kukataa ni nyingi, amefunga, anatumia dawa, tumbo, au bosi wake amewakataza kupokea chochote kwa wateja, makampuni mengine yana sheria hiyo. Ukisisitiza mara nne mbele ya wenzake unamlazimisha aeleze mambo yake. Sema tu "vipo hapa, akijisikia mtu achukue" na yule aliyefunga asiulizwe kwa nini. Msimu wa kufunga usiwaondolee wengine maji kwa kuwa fundi mkuu amefunga, na usiweke sinia mbele ya uso wa aliyefunga wakati pembeni pana nafasi.

Kuna wakati lakini usiachie kirahisi, nayo ni joto kali. Ukimuona kijana amekaa chini anaongea vitu visivyoeleweka, anayumba, ngozi ni ya moto sana, huyo haitaji kukaribishwa soda, joto limempanda na anaweza kufa. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji mwilini na kumpepea, piga simu ya msaada wa dharura hapo hapo. Kama hajitambui usimmiminie kitu mdomoni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Sio kila mtu kwenye kundi atajua haya, wewe ujue.

Ukiwa peke yako au haupo

Mwanamke anayeishi peke yake, au mtu yeyote ambaye hajisikii huru kukaa na watu asiowajua, ana haki ya kuweka kila kitu kwenye meza ya nje kabla hawajafika na kufunga mlango wake. Adabu haidai ukae nao wala uwafungulie jikoni. Salamu, maelekezo, vitu vipo pale, inatosha kabisa, na fundi mstaarabu ataelewa.

Ukiwa kazini unaacha ndoo imejaa, chupa ya chai, sinia limefunikwa, na meseji kwa fundi mkuu ukitaja ni ya watu wangapi. Kama jirani au ndugu ndo anawaangalizia mpe yeye maelekezo yale yale ya mgao, usimuache akisie.

Kosa la kutumia chai kama fimbo

Kuna mwenye nyumba akikasirika kazi imechelewa anakata chai. Wengine wanaficha mpaka maji. Naomba sana msifanye hivi. Kazi mbaya ina dawa zake, unasimamisha, unaonesha palipopinda, unashikilia malipo ya hatua hiyo kama mlivyokubaliana, unatafuta fundi mwingine. Maji hayaingii humo. Na vijana wanaobeba ndoo hawakupinda huo ukuta, wanaadhibiwa kwa ajili gani?

Upande wa pili nao upo, wanaodhani wakilisha vizuri kazi itakuwa nzuri kwa hiyo hawakagui. Kagua. Weka levo ukutani, gonga tailizi usikilize, fungua bomba uangalie maungio. Fundi mzuri hatakasirika kwamba umemnywesha chai asubuhi na jioni umemrudishia tailizi tatu, anajua hivyo ni vitu viwili.

Siku ya mwisho

Lipa kwanza, kamili, kama mlivopatana, ndo vinywaji vifuate. Soda ya kuagana inayotangulia kabla ya hela inawafanya watu wanywe kwa wasiwasi, wanajiuliza kama imeletwa kulainisha habari mbaya. Ukiwa na kitu cha ziada cha shukrani kigawe kwa kila mmoja mkononi, na saidia fundi mtaje jina lake. Vilivyobaki kama vinabebeka wafungie waende navyo, waulize tu kama wanapenda.

Af kama kesho yake wanaingia watu wengine, mafundi rangi baada ya mafundi lipu, kumbuka wale ni wageni upya hawajui chochote kuhusu ndoo yako. Osha vikombe, jaza maji, na uwatumie ile meseji tena.